Kuchoronga kwenye ardhi ya wengi: mwongozo wa kupanga utafiti wa madini na kurudisha ardhi katika vijiji vya Dodoma

Mwongozo huu nawaandikia walioshika leseni ya utafutaji madini Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kondoa au kwingineko kanda ya kati, ambao sasa wako tayari kuleta mashine ya kuchoronga, yaani kutoboa mwamba ili kuona kilichomo chini. Nawaandikia pia wenyeviti na watendaji wa vijiji, kwa sababu gari la mwisho likishaondoka wao ndio wanaobaki na shimo. Kazi hii nimeianzia kwenye makaa ya mawe kule Mbinga, nikaja kwenye miamba migumu ya huku nyumbani. Kote nilikopita, shimo lililokosa madini halijawahi kuleta ugomvi. Ugomvi huja pale ambapo hakuna aliyejua kwa hakika shamba ni la nani, nani analilima, na nani atalirudisha lilivyokuwa. Ndiyo maana hatua zangu zinaanzia kwa watu, na habari ya kufukia inaingia kwenye mpango kabla ya shimo la kwanza kuwekewa kigingi.

Kabla ya yote: unachoronga nini?

Kila nikikaa kijiweni Dodoma mjini naulizwa kama huku kwetu kuna makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya miamba ya Dodoma ni ya kale mno, mingi yake ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Makaa hutokana na mimea ya nchi kavu iliyozikwa kwenye vinamasi, na miamba hii ilipokuwa inaundwa mimea hiyo haikuwepo duniani. Makaa yetu yako kwenye miamba ya Karoo iliyo michanga zaidi: Ngaka wilayani Mbinga, Mchuchuma wilayani Ludewa, na Kiwira kule kusini magharibi. Huku kati watu wanatafuta dhahabu, nikeli kwenye ukanda wa Haneti, vito kama rubi ya Winza, na urani upande wa Bahi na Manyoni.

Tofauti hiyo inagusa moja kwa moja suala la umiliki. Makaa yamelala kwa matabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sinia, kwa hiyo mashimo huchorongwa wima na kusambazwa kwa umbali unaolingana. Ukichora mraba wako kwenye ramani, nukta moja inaangukia shamba la mahindi, nyingine uwanja wa shule, nyingine kwenye malisho, na zote unazihitaji. Kwenye miamba ya Dodoma mshipa wa madini mara nyingi umesimama, hivyo mashine inalazwa ili ukatwe kwa ubavu. Shimo la mita 200 lililolazwa kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi linafika chini kiasi cha mita 173, na mwisho wake uko mita 100 mbali na pale mashine iliposimama. Mita 100 kijijini kwetu ni shamba la jirani, pengine hata la jirani wa pili. Madini yaliyo chini ni mali ya umma, na mwenye shamba la juu hayamiliki. Lakini ukimweleza mapema kwamba bomba lako linapita chini ya alizeti yake, atakuamini. Akija kulisikia kwenye kilabu cha pombe, umekwisha.

Hatua ya 1: Chora ramani ya watu

Hapa tumia muda kuliko mahali pengine popote. Wiki mbili si nyingi kwa kijiji kimoja.

Anza na karatasi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinagawa ardhi ya nchi hii mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Leseni yako yaweza kugusa yote matatu kwa pamoja. Nenda halmashauri ya wilaya, ofisi ya ardhi, uulize mipaka ya kijiji kama inavyoonekana kwenye cheti cha ardhi ya kijiji, na kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Ukiwepo, utakuonyesha malisho, msitu wa kijiji, njia za mifugo na maeneo ya kilimo. Taarifa za miamba na ramani za kijiolojia zipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo makao yake yapo hapa hapa Dodoma. Zichukue uzilaze juu ya ramani ya kijiji.

Kisha iache meza, utembee. Katika kijiji kimoja utakuta mwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na jirani yake ambaye hana karatasi yoyote lakini babu yake kazikwa pale. Utakuta kijana aliyeazimwa shamba na mjomba, mama anayekodi ekari mbili kwa msimu, na ekari kumi zilizonunuliwa na mtu wa mjini tangu serikali ilipohamia Dodoma, ambaye wanakijiji wanamjua kwa jina la gari lake tu. Kuna shamba la shule, kiwanja cha kanisa, na eneo la msikiti lililotolewa kwa maneno matupu miaka thelathini iliyopita. Na kuna malisho ya wote, ambayo watu huyachukulia kana kwamba hayana mwenyewe, kumbe kila mfugaji wa eneo zima ni mwenyewe.

Lipo jambo ambalo wageni wengi hawalijui: mahame. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya asili wakapelekwa kwenye vijiji vya pamoja. Kule walikotoka pamebaki mahame: msingi wa tembe uliolala, mbuyu uliokuwa uwanjani, na makaburi yasiyo na msalaba wala saruji. Kwa macho ya mjiolojia ni pori safi kabisa. Kwa familia fulani ni nyumbani. Uliza katika kila kitongoji, "Hapa palikuwa hame la nani?" Usikubali jibu la mtu mmoja, tena usimuulize mwanamume peke yake.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Nikiwa kijana, kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilisaini ruhusa na bwana mmoja mwenye hati yake safi yenye mhuri. Greda likaingia asubuhi. Kufika saa nne akatokea mama wa makamo, jembe begani, akasimama mbele ya greda bila neno. Ardhi ilikuwa ya kaka yake kweli, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiilima mwaka wa sita, na uwele wake ulibakiza wiki tatu uvunwe. Nikamwonyesha jiwe la mpaka lililokuwa kwenye ramani yetu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hilo jiwe mmeliweka nyie juzi. Mpaka wangu ni ule mnyaa, na ule mwingine kule bondeni. Mama yangu ndiye aliyeipanda." Minyaa ilikuwa imesimama pale, minene, maziwa yake meupe yanachuruzika pale greda lilipoigusa. Kazi ilisimama siku kumi na tisa.

Tangu siku ile daftari langu lina safu nne kwa kila kipande cha ardhi: nani ana karatasi, nani anadai kwa asili, nani analima msimu huu, na mifugo ya nani inapita. Kwa wanandoa ninaandika majina yote mawili. Jirani wa kila upande naye anakuwepo tunapopima, na anaweka sahihi au dole gumba palepale shambani. Ofisini kwa mtendaji mtu anaweza kusaini mpaka ambao miguu yake haijaukanyaga.

Mkikuta mgogoro kati ya ndugu au majirani, usiwe hakimu. Kijiji kina Baraza la Ardhi la watu saba, na wanawake humo ni angalau watatu. Waache wausuluhishe, wewe hamisha shimo au lisogeze mwisho wa ratiba.

Hatua ya 2: Ruhusa, kwa mlolongo wake

Leseni ya utafutaji inakupa haki ya kutafuta madini. Haikupi shamba. Nimeona wenye leseni wakiipeperusha mbele ya wakulima kama hati ya nyumba, na ndipo mambo yanapoharibika.

Mlolongo uliozoeleka ni huu: barua ya kujitambulisha yenye nakala ya leseni na ramani kwa Afisa Madini Mkazi, kisha kwa Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, halafu Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji. Ukiruka mmoja, huyo ndiye atakayekusimamisha.

Sheria ya Madini ya 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali pale unapokuwa ndani ya mita 200 kutoka nyumba, ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lililoandaliwa kwa kilimo, na ndani ya mita 100 kutoka josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Chora duara hizo kwenye ramani kabla hujapanga mashimo. Katika vijiji vyetu, ambako nyumba zimetawanyika, duara za mita 200 huwa zinakutana, na kinachobaki wazi ni vipande vidogo vidogo. Ni vyema ulione hilo mezani kabla mashine haijapakiwa kwenye lori.

Halmashauri ya Kijiji ikishakusikiliza, omba ajenda yako iingie kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nenda mwenyewe, usimtume dereva. Salimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na usubiri uitikiwe. Kisha sema mambo matatu kwa lugha nyepesi: utafiti si mgodi, na mashimo mengi ya utafiti hayageuki mgodi, ni mashimo mangapi na yatakuwa wapi, na kila kilichoharibika kitarudishwa vipi. Usiahidi ajira wala zahanati. Ukiulizwa kuhusu sumu, na Bahi utaulizwa kwa sababu watu wanakumbuka habari za urani, eleza kinachotoka shimoni, kinawekwa wapi na nani anakipima. Omba nakala ya muhtasari wenye mhuri na orodha ya mahudhurio.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya shamba

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na mwaka mzima hupata kama milimita 500 hadi 600. Karanga, alizeti, mtama na uwele vinaondoka shambani kati ya Aprili na Juni. Dirisha la kuchoronga basi ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, na Oktoba yote ni ya kurudisha ardhi. Mvua ya kwanza lazima ikute kazi imekwisha. Panga kwa kurudi nyuma: weka tarehe ya mwisho ya kufukia, toa siku za kuharibikiwa na mashine, ndipo ujue utaanza lini. Msimu ukikupita, subiri mwaka mwingine. Leseni ya awali huwa ya hadi miaka minne, na mwaka mmoja wa uvumilivu ni nafuu kuliko kesi.

Zingatia mambo mawili. Baada ya mavuno mifugo huingia mashambani kula mabua, kwa hiyo shamba unaloliona tupu Agosti ni malisho ya mtu, na fensi yako inamziba. Halafu zabibu haifuati kalenda hii: huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzabibu hauhamishiki. Shimo lisogee.

Hatua ya 4: Maji

Mashine inayotoa mche wa mwamba, yaani kipande kizima chenye umbo la fimbo, hutumia maji, na yaweza kumaliza boza la lita 10,000 kwa siku. Mwamba uliopasuka ukianza kuyanywa, yatakwenda maboza mawili. Usichote kwenye kisima cha kijiji hata kama mwenyekiti amekubali, maana yeye hasimami kwenye foleni ya ndoo. Bomba la maji huko kwetu likikauka Septemba, mama anatembea mwendo wa saa mbili.

Chanzo chochote unachokitumia kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mkoa wetu unagawanyika: maji ya Kinyasungwe yanaenda Wami, ya upande wa Mtera yanaenda Rufiji, na kuna yanayoishia kwenye mbuga za ndani. Uliza uko bonde gani ndipo uandike barua. Epuka mito ya mchanga. Kiangazi huwa mikavu juu lakini watu wanafukua visima vya mchangani humo, na tope lako likimwagika pale limeingia kwenye mtungi wa mtu.

Mahali maji ni shida kabisa, fikiria mashine ya upepo inayotoa unga wa mwamba kwa mita za juu, kisha ile ya mche kwa sehemu chache tu unazohitaji kuziona kwa macho. Vumbi lake ni kali, kwa hiyo angalia upepo na nyumba zilipo.

Hatua ya 5: Hesabu barabara, si mashimo tu

Mpango mwingi wa mazingira ninaousoma unaeleza mashimo kwa kurasa na barabara kwa mstari mmoja. Fanya hesabu. Kiwanja cha mashine ya ukubwa wa kati ni kama mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Mashimo 12 yanachukua mita za mraba 3,600. Sasa barabara ya kuingilia: upana wa mita 4, urefu wa kilomita 2.5, ni mita za mraba 10,000, hekta nzima, karibu mara tatu ya viwanja vyote. Na ndiyo inayogeuka korongo.

Kwa hiyo tumia njia zilizopo za mikokoteni na ng'ombe hata kama zinazunguka. Pita juu ya mgongo wa ardhi au kwa kukatisha mteremko kwa upole, usishuke moja kwa moja. Usitumie greda pale ambapo panga na kukanyaga majani kunatosha. Majani yaliyolala huinuka, mzizi uliong'olewa hauinuki. Mbuyu haukatwi, na wala haufungwi waya wa kuvutia lori.

Mwombe mama mmoja au wawili wa kitongoji wapite nanyi mnapoweka vigingi. Watakuonyesha mahali mlenda unapoota mvua ikianza, mahali pa kuokota kuni na ukwaju. Hakuna ramani yenye hayo.

Hatua ya 6: Makubaliano na malipo

Andika kwa Kiswahili, karatasi moja au mbili, nakala tatu: mwenye ardhi, kijiji, wewe. Taja shimo kwa namba, ukubwa wa kiwanja, tarehe za kuingia na kutoka, kiasi cha malipo, na kwa undani, hali ambayo ardhi itarudishwa. Mazao na miti yathaminiwe na mthamini aliyesajiliwa. Mlimaji alipwe mazao yake, mwenye ardhi alipwe kwa matumizi ya ardhi, na pale ambapo ni watu wawili tofauti, iwe mikataba miwili. Malipo yapite benki au kwenye simu yenye jina la mhusika mwenyewe. Kwa ardhi ya kijiji, yaende kwenye akaunti ya kijiji na stakabadhi itolewe.

Lipa kabla ya mashine kuingia. Na fedha ya kurudishia ardhi itenge siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya pembeni, kwa sababu mradi ukikosa madini mwekezaji hufunga mfuko kwanza ndipo huulizia mashimo.

Hatua ya 7: Siku ya kazi

Piga picha kiwanja kutoka pembe nne, jina la shimo likiwa kwenye ubao mdogo. Picha hizo zitakuokoa.

Udongo wa juu utolewe kwanza, sentimita 15 hadi 20, ulundikwe upande wa juu wa mteremko, kwa tuta lisilozidi mita moja na nusu. Kwa kiwanja cha mita za mraba 300 na kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 60. Udongo mwekundu wa chini ulundikwe mbali na huo. Mvulana yeyote wa kijijini anaujua udongo wa juu kwa kuunusa. Mpe mmoja wao kazi ya kulinda tuta hilo, maana madereva hupenda kulitumia kufukia mashimo ya barabara.

Shimo la tope, lile linalopokea maji machafu ya kuchorongea, liwekwe nailoni nzito chini, na fensi ya miiba pande zote tangu siku ya kwanza. Tope la kuchorongea, hasa likiwa na bentonaiti (aina ya udongo laini wa mfinyanzi), hukauka juu na kufanya ukoko mgumu wenye nyufa, kama mbuga ya Oktoba. Chini yake bado ni uji. Nimemwona ndama akilikanyaga kwa kujiamini, akazama hadi kifuani, na kadiri alivyorusha miguu ndivyo alivyozidi kwenda. Tulimtoa kwa kamba na mbao, watu sita, mwenyewe akiwa analia. Fensi ya miiba ingetuchukua nusu saa.

Dizeli na grisi vikae juu ya trei. Udongo ulioloa mafuta unachimbwa na kuondolewa, haufukiwi.

Hatua ya 8: Kuziba shimo

Shimo huzibwa wiki ile ile lilipokamilika, mashine ikiwa bado karibu. Kwenye makaa ya mawe hakuna mjadala: shimo linajazwa saruji kutoka chini hadi juu, kwa sababu tabaka la makaa hutoa gesi, na maji ya tabaka moja yakishuka kwenye jingine yanaharibu yote mawili. Huku kwetu wengi huweka jiwe mdomoni na kuondoka. Sikubaliani na hilo. Nchi inayokunywa maji ya ardhini, kuanzia visima vya Makutupora vinavyolisha jiji hadi pampu ya mkono ya kijijini, haipaswi kuachiwa matundu ya kupitisha kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye maji.

Gharama yenyewe ni ndogo. Shimo la kipenyo cha milimita 96 lina ujazo wa mita za ujazo 0.72 kwa kila mita 100. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukikorogwa na lita 25 za maji, unatoa kama mita za ujazo 0.04. Kwa hiyo mita 100 ni mifuko 18, ongeza michache kwa ajili ya nyufa. Pitisha uji wa saruji kwa bomba jembamba kutoka chini, usiumwage kutoka juu ukakwama njiani. Kama bajeti imebana, basi angalau ziba kwa saruji penye maji na mita kumi za juu, katikati ujaze kokoto safi.

Bomba la chuma lililobaki mdomoni mwa shimo likatwe mita moja chini ya uso wa ardhi, ili plau la ng'ombe lisilipige. Shamba likitaka alama, weka kibao pembeni kwenye mpaka. Andika GPS ya kila shimo.

Hatua ya 9: Kurudisha ardhi

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikafikia kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Wazee wa Kondoa wanakumbuka uchungu wake: ng'ombe kuhamishwa ili majani yarudi. Makorongo yale yalianza na njia ndogo za maji. Ardhi yetu ikishafunguliwa haijifungi kirahisi, na njia yako ya lori ni korongo linalosubiri Desemba.

Tope likauke kabisa au lisombwe, nailoni itolewe, udongo wa chini urudi kwanza. Kisha vunja ugumu. Kiwanja kilichokanyagwa na mashine ya tani nyingi kimekuwa sakafu, na ukimwaga udongo wa juu bila kukitifua, mvua itausomba wote. Tifua sentimita 40 kwa meno ya buldoza au kwa sururu, ukikatisha mteremko. Ndipo udongo wa juu urudi, usisawazishwe sana. Mabonde madogo yanashika maji na mbegu.

Shambani inatosha hapo, pamoja na samadi kidogo. Mkulima mwenyewe akilima msimu huo huo, amerudi kazini.

Porini na malishoni tumia wanachokijua watu. Visiki vilivyokatwa juu juu bila kung'olewa vitachipua. Hii ni kisiki hai, ambayo vijiji vingi vya Dodoma vinaifanya tayari. Chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa cha rangi ili kila mchungaji aone, kisha linda. Migunga na mikole inarudi hivyo kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia kwenye mvua zetu. Penye mteremko chimba makinga maji ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu, na upande mbegu za nyasi za eneo hilo hilo zilizokusanywa na akina mama Juni. Walipwe kwa kilo. Sambaza matawi ya miiba juu yake. Barabara ya kuingilia izibwe mwanzoni kwa magogo na tuta, la sivyo wachoma mkaa wataigeuza yao.

Usilete mbegu wala miche ya kigeni kwa sababu inaota haraka.

Hatua ya 10: Kukabidhi, mara mbili

Makabidhiano ya kwanza ni Oktoba: wewe, mwenye ardhi, mlimaji, jirani, mwenyekiti wa kitongoji na kamati ya mazingira ya kijiji, mmesimama juu ya kiwanja na zile picha za mwanzo mkononi. Kisichofanana kinaandikwa na kupewa tarehe.

Ya pili ni Februari, mvua ikiwa imenyesha vya kutosha. Hapo ndipo utaona kama shimo limetitia, kama njia imechimbika, kama nyasi zimeshika. Katika mkataba weka kwamba sehemu ya ile fedha ya akiba haifunguliwi mpaka ziara hiyo ifanyike na karatasi isainiwe tena. Wakandarasi hawaipendi, kwa sababu Februari wao wameshafika mkoa mwingine. Ng'ang'ania.

Taarifa zako zitaenda Tume ya Madini kama sheria inavyotaka. Nakala moja nyepesi iachie ofisi ya kijiji: orodha ya mashimo yote kwa namba, GPS, kina, tarehe ya kuzibwa, jina la mwenye shamba na namba ya simu ya ofisi yako. Iwekwe kwenye faili lile lile lenye mihtasari ya kijiji. Kijana atakayetaka kuchimba kisima au kujenga pale miaka ishirini ijayo ataifungua na kujua kilichoko chini ya miguu yake.